Dakika Arobaini Kwenye Nguzo ya Kumi na Saba

Fundi cherehani huyu mtaa mzima ulimwita Mama Ratiba. Kibanda chake kilitazamana na kivuko cha reli, na kwa miaka kumi na tisa hakuna treni iliyopita mchana bila yeye kuiandika: imepita saa ngapi, imevutwa na kichwa namba ngapi, ina mabehewa mangapi, imechelewa kiasi gani. Wateja walishazoea kuachwa katikati ya kipimo, pini zikiwachoma mabegani, fundi mwenyewe akiwa ameshafika dirishani na kalamu mkononi. Mumewe, fundi wa majokofu, alipenda kuwaambia wageni kwamba alioa mke mmoja, reli akaletewa kama nyongeza.

Aliyemwelewa kidogo ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mpiga picha wa harusi na mahafali ambaye tangu ujanani aliitwa Fleshi. Si kwamba Fleshi alijali treni. Alijali picha. Lakini walipatana, na kupatana kwao kulikuwa kwa utani mtupu, mpaka wasiowajua wakadhani wanagombana. Mwaka uliotangulia, Fleshi akiwa kichakani kwa haja ndogo, Mama Ratiba alimpigia kelele kwamba ana nyoka nyuma yake. Akachomoka mbio mbele ya akina mama wa sokoni, zipu wazi. Wiki mbili baadaye Fleshi akalipa: alimpigia simu kwa sauti nzito akijifanya ofisa wa reli, akamwambia daftari lake linatakiwa polisi. Mama Ratiba alilificha daftari ndani ya pipa la mchele siku mbili nzima.

Nayasema haya mapema kwa sababu utani huo nusura umtoe Fleshi roho.

Mambo yalianza na gauni. Mke wa dereva wa treni alikuja kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake, na akiwa ameinua mikono, fundi anamzungushia futi kifuani, akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Alhamisi mume wangu ndiye anayetoka na ile mpya. Na abiria. Si mifuko ya mchanga tena."

Mama Ratiba alitema pini zote mkononi. "Na abiria kweli?"

"Na abiria. Hapa konani kwenu itapita saa nne na dakika kumi na mbili. Ila mimi usinitaje."

Ile mpya ilikuwa kichwa cha treni cha umeme. Miaka miwili watu walikuwa wameona nguzo zikisimikwa na waya zikivutwa juu ya reli, na kwa miaka miwili waya zile hazikuwa na kitu ndani yake. Watoto walizirushia viatu vibovu, na hakuna aliyedhurika. Mwezi uliopita gari la matangazo lilizunguka kuwaambia watu kwamba sasa njia kuu imewashwa. Kichwa kipya kikaanza majaribio, kikivuta mabehewa yaliyojazwa mchanga, alfajiri, watu wamelala. Mama Ratiba alikuwa kwenye kundi la simu la wapenzi wa treni, watu arobaini, na katika wote hao hakuna aliyekuwa na picha yake kikivuta abiria.

"Shem," alimwambia Fleshi jioni ileile, "lete kamera yako kubwa."

Shida ilikuwa ukuta. Pamoja na nguzo, wenye reli walikuwa wamejenga ukuta wa zege njia nzima, mrefu kuliko mtu. Mahali pekee pa kuonea kona vizuri palikuwa nyuma ya maghala, kwenye reli ya pembeni ambako mabehewa ya mizigo yalilazwa, na hapo palikuwa na geti na mlinzi. Mlinzi mwenyewe, mtu wa miaka arobaini na kitu aliyevaa koti la kijeshi mvua na jua, walimwita Kamanda. Suruali zake zote zilipunguzwa na Mama Ratiba.

Alhamisi manyunyu yalianza alfajiri na hayakukatika. Kamanda alifungua geti kwa upana wa mtu mmoja.

"Dakika kumi na tano, mama. Na msivuke ule mstari wa njano. Nakuomba."

"Kamanda, unanijua."

"Wewe nakujua," akasema, akimtazama Fleshi.

Walisimama nyuma ya mstari. Mbele yao kulikuwa na mabehewa matatu ya mizigo, yaliyofunikwa mabati, na ng'ambo yake njia kuu. Fleshi akainua kamera, akaishusha, akaguna.

"Kutoka hapa napata migongo ya mabehewa, shem. Kichwa chenyewe kitatokea nusu uso, kama bibi harusi aliyegoma."

Honi ya lori ikalia getini, Kamanda akaenda kulifungulia. Mama Ratiba aliinama kuandika, kama kawaida yake, mahali aliposimama: nguzo 41/17, manyunyu, mwanga hafifu. Alipoinua uso, Fleshi alikuwa juu ya behewa la katikati. Alikuwa amepanda kwa ngazi ya chuma iliyo mwishoni mwake na sasa amekaa ukingoni, miguu ikining'inia, anafungua begi la kamera.

"Wewe! Tumeambiwa tusivuke mstari!"

"Mstari uko chini. Mimi niko juu."

Na Mama Ratiba, lazima lisemwe, alicheka. Aliona kabisa kwamba picha kutoka pale ingekuwa ya kuwakomesha wote arobaini. Alitazama saa: saa nne na dakika mbili. Dakika kumi tu, akajiambia, kisha atashuka, na Kamanda hatajua.

Ndipo akasikia.

Kwanza alidhani ni mvua juu ya mabati. Lakini mvua ilikuwa ya kupuliza tu, haina kishindo, na sauti hii ilitoka juu zaidi: mchirizo mwembamba usiokatika, kama kitunguu kikikaangwa nyumba ya jirani. Aliinua macho taratibu. Kwenye nguzo ya kumi na saba kulikuwa na vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya wa reli ya pembeni, na sauti ilitoka hapo.

Akafuata waya kwa macho. Wiki iliyopita alikuwa amepita hapa kumletea Kamanda suruali, na aliukumbuka vizuri: ncha yake ilikuwa imezungushwa na kufungwa pembeni, mbali na waya wa njia kuu. Sasa haikuwa imefungwa. Kipande kipya, kinachong'aa, kiliunganisha waya ule mdogo na ule mkubwa. Akazunguka nguzo. Upande wa pili, ambao mtu akitokea getini hauoni, kulikuwa na kibao chekundu chenye fuvu na radi, skurubu zake bado mpya. *Waya hizi zina umeme wakati wote. Usipande. Usiguse. Dharura piga.* Na namba.

Aligeuka kumtazama Fleshi, akapima kwa jicho la mtu aliyepima watu maisha yake yote. Kutoka kichwani pake hadi kwenye waya haikufika mkono mzima wa shati. Amekaa. Akisimama, je?

"Shemeji," akasema, na sauti ikamtoka ya kawaida mno, kama anayeomba apokezwe chumvi. "Usisimame."

"Nisisimame kwa nini?"

"Waya ulio juu yako una umeme."

Fleshi hakugeuka hata shingo. "Na nyuma yangu kuna nyoka."

"Sitanii."

"Siku ile ulisema hivyohivyo. Sitanii shem, ni swila, namwona mkia."

Alikuwa ameshatoa fimbo ya kamera, ile ya chuma chepesi inayoingiana yenyewe kwa yenyewe, ambayo kwenye harusi huinua juu ya vichwa vya watu. Akachomoa pingili ya kwanza. Ta! Akaifunga.

Mama Ratiba alipiga hatua mbili kuelekea behewa, mkono umenyooshwa kushika ngazi, akasimama. Yeye si mtu wa umeme, lakini mumewe alikuwa amemfundisha jambo moja: anayeshikwa na umeme haokolewi kwa kushikwa. Akarudi nyuma. Na hapo, kwa sekunde ambazo baadaye zilimsumbua kuliko kitu kingine chochote, hakufanya kitu. Aliwaza: je, nikiwa nimekosea? Mwanamke wa cherehani anapiga simu, treni ya kwanza inasimamishwa, wakubwa wote wamo ndani, kumbe sauti ni ya mvua. Watamcheka mpaka wajukuu.

Ta! Pingili ya pili.

Akapiga namba.

"Chumba cha kudhibiti umeme," ilijibu sauti ya mwanamke, kavu, isiyo na haraka.

"Kuna mtu juu ya behewa. Nyuma ya maghala, reli ya pembeni. Nguzo arobaini na moja mkwaju kumi na saba."

"Rudia nguzo."

"Arobaini na moja mkwaju kumi na saba."

"Amegusa?"

"Hajagusa. Amekaa. Ana fimbo ya chuma, anairefusha."

Sauti ile ilibadilika. Haikupanda, ila maneno yalianza kuja moja moja, kila moja limesimama peke yake. "Aiache. Alale kifudifudi juu ya behewa, ajibanze kabisa. Asishuke, anayeshuka hujiinua kwanza. Wewe kaa mbali, usimshike, usishike ngazi. Umenielewa?"

"Haniamini! Anadhani namtania!"

"Mama, treni iko njiani. Nikikata hapo inasimama na watu mia tano. Nataka neno moja tu kutoka kwako. Una uhakika kuna mtu?"

"Namwona kwa macho yangu."

"Nakata. Lakini yeye usimwambie nimekata, maana atainuka. Waya si wa kuamini mpaka mafundi wafike waufunge na ardhi. Usikate simu."

Fleshi alikuwa amegeuza kichwa sasa, anamtazama na simu yake sikioni, na uso wote umejaa kicheko. "Unampigia nani? Ofisa wa reli?" Akainua fimbo, kamera ikiwa kileleni. Akakunja mguu wa kulia, akauweka chini ya mwili wake kama mtu anayetaka kuinuka kwenye mkeka.

Mama Ratiba akamwita kwa jina lake.

Si Fleshi. Jina lake la kuzaliwa, lililoandikwa kwenye cheti, ambalo tangu amalize shule halikutumiwa na mtu isipokuwa mama yake, tena siku chache sana. Mara ya mwisho ilikuwa siku alipoambiwa baba yao amefariki. Mama Ratiba hakuwahi kulitamka tangu aolewe katika nyumba ile. Alilitamka bila kupiga kelele, taratibu, lote.

"Lala chini," akasema. "Nakuomba. Lala."

Fleshi akamtazama. Kicheko kilibaki mdomoni muda mdogo, kama kimesahaulika pale. Kisha akakaa kimya, na katika ukimya ule naye akausikia mchirizo juu ya kichwa chake.

Alilala kama gunia linavyoangushwa. Fimbo ikamponyoka, ikaviringika juu ya bati, ikaanguka upande wa pili pamoja na kamera, na sauti ya kioo kuvunjika kwenye kokoto ilisikika wazi. Hakugeuka kuangalia. Shavu lake lilikuwa limebanwa kwenye bati lililolowa, uso umeelekea kwa Mama Ratiba, na macho yake yalikuwa makubwa.

"Shem," akasema kwa sauti ndogo. "Una umeme kweli?"

"Una umeme."

"Kiasi gani?"

"Usiulize. Bana mikono."

Kisha mchirizo ukakoma. Alisikia yeye, na Fleshi akasikia, na misuli ya shingo yake ikasogea.

"Umezima! Shem, umezima, nishuke?"

"Usiinue hata kidole!" Sasa alipiga kelele, mpaka Kamanda akaja mbio kutoka getini. Kamanda aliona mtu juu ya behewa, akaona waya, akaona kibao chekundu upande ambao hakuwahi kuuzunguka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akabaki amesimama.

"Mlinzi yuko hapo?" sauti ikauliza simuni. "Mwambie akafungue geti la magari. Mafundi wameshatoka." Kamanda akakimbia.

Saa nne na dakika kumi na moja reli zilianza kuimba. Hapakuwa na ngurumo, hapakuwa na moshi juu ya ukuta, wala lile tetemeko la vioo ambalo kwa miaka kumi na tisa ndilo lililomwita dirishani. Sauti ilikuwa ya magurudumu tu, kama mtu anayeburuta kiti chumba cha pili. Kichwa kipya kikatokea konani, kikipunguza mwendo chenyewe, hakivuti tena, kinateleza. Kilisimama hatua kama mia moja kutoka walipokuwa.

"Imefika?" Fleshi akauliza. Uso wake ulikuwa upande usio wa njia kuu. Kuigeukia treni ilikuwa lazima ainue kichwa.

"Imefika."

"Ikoje?"

Mama Ratiba aliitazama. Simu ilikuwa bado sikioni, daftari lilikuwa chini kwenye matope.

"Nyeupe," akasema. "Si nyeupe, rangi ya maziwa ya chai. Ina mkanda wa kijani ubavuni, mwembamba, unaanzia puani."

"Pua iko vipi?"

"Imelala. Kama pua ya pasi. Kioo cha mbele ni kimoja, kipana, hakina nguzo katikati. Dereva namwona mzima mpaka tumboni."

"Na juu?"

"Juu ina mkono wa chuma, umekunjwa. Umelala juu ya paa kama kiwiko cha mtu aliyesinzia. Taa tatu mbele. Mvua inaichuruzikia."

"Endelea," Fleshi akasema, macho yamefumbwa.

Akaendelea. Alimhesabia mabehewa, tisa. Alimwambia mlango wa dereva umefunguliwa na kichwa chenye kofia kimechungulia, kisha kimerudi. Alimwambia madirisha yote yamejaa watu.

"Wananipiga picha?"

"Wote."

"Upande gani?"

"Upande wa makalio."

Mabega ya Fleshi yakatikisika, na Mama Ratiba akaruka alipokuwa. "Usicheke! Ukicheka unajiinua!"

"Basi usinichekeshe!"

Zilipita dakika kumi. Zikapita kumi na tano. Mara kwa mara sauti simuni ilisema, "Nipo," na Mama Ratiba akajibu, "Nipo," na hawakuwa na jingine la kuambiana. Mvua iliongezeka. Maji yalitengeneza kidimbwi kwenye bati chini ya shavu la Fleshi, akawa anapumulia pembeni mwa mdomo. Kwenye dakika ya ishirini na mbili uso wake ulikunjamana.

"Mguu," akasema. "Mguu umekaza. Ule niliokunja."

"Uvumilie."

"Hauvumiliki. Lazima ninyooshe. Lazima niinuke kidogo, kidogo tu."

"Usiinuke."

"Shem, naumia!" Alikuwa analia sasa, mtu mzima mwenye watoto wawili. Kiuno chake kikaanza kupanda, taratibu, bila yeye kukusudia, jinsi mwili unavyokimbia maumivu.

"Mguu umemkaza," Mama Ratiba aliiambia simu. "Anainuka. Anainuka!"

"Ausukume pembeni, si juu. Ausukume kwa mguu mwingine. Mwambie."

"Sikiliza! Huo mguu mzima, uweke nyuma ya goti la ule mbovu. Sukuma pembeni. Pembeni, si juu! Kama unamsogeza mtoto kitandani asiamke. Hivyo. Tena. Hivyo."

Kiuno kikashuka. Mguu ukateleza juu ya bati sentimita moja moja mpaka ukanyooka, na Fleshi akatoa pumzi ndefu iliyosikika mpaka chini.

Mafundi watatu walifika kwa gari la reli wakiwa wamevaa makoti ya rangi ya chungwa. Hawakumsalimu mtu. Mmoja alifungua kufuli la swichi nguzoni, akaizima kwa mpini mrefu, wa pili akainua ufito wa njano wenye kidude cha kupima umeme kileleni, nacho kikanyamaza, wa tatu akainua mwingine wenye ndoano na waya mnene uliofungwa relini. Ndoano ilipokaribia waya wa juu, cheche ndogo ya buluu iliruka, *tsss*, kisha kimya.

Fleshi aliisikia. "Si mmeshazima?"

"Tumezima," fundi akasema. "Hayo ni mabaki. Haya, sasa shuka."

Alishuka ngazi kama mzee, kila kidaraja miguu miwili. Alipofika chini akakaa kwenye matope akiegemea gurudumu, na hakuna aliyemwambia asimame.

Zilikuwa zimepita dakika arobaini. Njia kuu ikawashwa tena. Kichwa kipya kikainua mkono wake, kikasogea, kikapita mbele yao hatua ishirini tu, kimya, na abiria mia tano wakiwa wamebandika nyuso vioo. Mama Ratiba alikitazama mpaka behewa la mwisho. Baadaye, alipoulizwa na wale arobaini kilikuwa namba ngapi, hakuweza kusema. Namba ilikuwa pale mbele, tarakimu kubwa za kijani. Hakuiona.

"Mama," ikasema simu. "Naweza kukata sasa?"

"Kata," akasema. "Ahsante, mwanangu," ingawa hakujua yule ni wa umri gani.

Waliwekwa ofisi ya stesheni mpaka saa tisa. Waliandika maelezo, wakakemewa, wakasaini karatasi kwamba hawataonekana tena ndani ya ukuta ule. Mumewe alikuja kuwachukua na begi lake la spana begani. Alimtazama mdogo wake, akamtazama mkewe. Walitembea watatu mpaka kibandani.

Fleshi aliomba maji. Alikunywa, akashika bilauri tupu.

"Shem, nikuambie kitu. Nilipokunja ule mguu, sikutaka kusimama nipige picha. Treni ilikuwa haijafika."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka kuugusa waya kwa fimbo. Nikuonyeshe kwamba ni mfu. Nikucheke."

Mama Ratiba alikuwa ameshikilia kitambaa cha gauni la harusi. Alikiweka mezani, akakinyoosha kwa viganja, akakinyoosha tena mahali palepale. Mumewe alitoka nje, na walimsikia akipenga kamasi.

Picha zilisambaa, za nyuma, kama ilivyotarajiwa, na mtaa ukapata la kucheka. Lakini siku ya nne mke wa dereva alikuja kuchukua gauni lake na habari nyingine: Kamanda amesimamishwa kazi. Aliwafungulia watu wasioruhusiwa.

Mama Ratiba alifunga kibanda saa ileile. Alimkuta Kamanda nyumbani, ana fulana tu, anagongea misumari stuli ya jikoni. Bila lile koti alionekana mdogo.

"Sikuja kujitetea," Mama Ratiba akasema.

"Nilifungua kwa sababu ni wewe," akajibu, bila kuacha kugonga. "Angekuwa mwingine nisingefungua. Na ile waya, mama, mimi sikuambiwa. Haki ya Mungu sikuambiwa. Ningejua, hata mimi nisingekaa pale chini yake kunywa chai."

"Najua."

"Wewe ukijua inanisaidia nini?"

Mama Ratiba alikwenda nalo nyumbani swali hilo, na siku ya kikao cha kumjadili Kamanda alikwenda nalo stesheni, ingawa hakuitwa. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi mpaka wakachoka kumwona, wakamruhusu kuingia. Wanaume wanne walikuwa mezani. Aliwaambia kwamba kosa la kuomba kuingia ni lake, na la kuvuka mstari ni la shemeji yake, naye amekubali, yuko hapo nje. Kisha akawaambia kuhusu kipande kipya cha waya ambacho wiki moja kabla hakikuwepo, na kuhusu kibao kilichofungwa upande wa nguzo ambao anayetokea getini hauoni.

"Mlinzi wenu amekaa chini ya umeme wiki nzima," akasema. "Nani alimwambia?"

Mmoja wao, aliyevaa koti la chungwa kama wale mafundi, akaanza kupekua faili, akapekua tena kutoka mwanzo.

Kibao kilihamishiwa upande wa geti siku iliyofuata, na cha pili kikafungwa chini ya ngazi za mabehewa. Kamanda alirudi kazini baada ya wiki tatu, na barua ya onyo. Mama Ratiba alipopita nje ya geti siku ile ya kwanza, alimsalimu, naye Kamanda akaitikia kwa heshima, amesimama wima ndani ya koti lake. Hakumwuliza anakwenda wapi. Geti lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na wala Mama Ratiba hakuligusa.